Gari ya zamani inachemka kwa nini? Namna ya kutafuta sababu kabla kulasi haijapinda

Kati ya Beni na Butembo kuna kilometa karibu 54. Kwa motere ya gari ya zamani, safari hiyo ni ndefu kuliko hesabu ya kilometa. Gari inatoka Beni asubuhi ikiwa imejaa watu na mizigo, inapanda pole pole kwa vitesi ya pili, inapita katika matope au vumbi kulingana na majira. Mbele kidogo shofere anaona mshale wa joto kwenye tablo umeacha mahali pake pa kawaida. Anajisemea kwamba utashuka mlima ukiisha. Mlima hauishi. Harufu ya moto inaingia ndani, mvuke unatoka chini ya kapo, wasafiri wanashuka, na mtu anatumwa kutafuta bidoni ya maji.

Wengi wanamalizia hapo: maji yanaongezwa, gari inaendelea, na habari inasahaulika mpaka safari inayofuata. Kumbe kila mara motere inapochemka, kuna kitu kinachopinda au kinachoungua ndani yake. Siku moja joanti ya kulasi inaachia, na gari iliyokuwa inahitaji kifuniko tu au mkanda mpya inahitaji sasa kufunguliwa motere nzima. Kwa familia inayokula kwa ajili ya gari hiyo, tofauti kati ya mambo hayo mawili inaweza kuwa karo ya watoto ya mwaka mzima.

Kuchemka ni kama homa. Homa inaweza kutokana na malaria, tifoide au kidonda kilichooza, na muganga mwenye akili anapima damu kwanza kabla ya kutoa dawa. Fundi naye anapaswa kupima kabla ya kununua vipuri. Makala hii inaeleza namna ya kupima, kuanzia kitu cha bei ndogo hadi kile cha bei kubwa.

Maji yanafanya kazi gani ndani ya motere

Petroli au mazuti inapoungua, sehemu ndogo tu ya nguvu yake inakwenda kwenye magurudumu. Sehemu kubwa inakuwa joto. Nusu ya joto hilo, zaidi au kidogo, inatoka kwa moshi, na nyingine inabaki kwenye chuma cha motere. Hilo ndilo maji yanalobeba.

Pompi ya maji inazunguka na kusukuma maji kupita kuzunguka silinda na ndani ya kulasi. Maji yakiwa bado baridi, termostati inabaki imefungwa ili motere ipate joto haraka. Yakifika digrii 82 au 88 hivi, kulingana na aina ya motere, termostati inafunguka na maji moto yanapita kwenye tiyo ya juu kwenda kwenye radiatere. Humo yanapita kwenye mirija myembamba, upepo unapita katikati ya mirija, na maji yaliyopoa yanarudi kwenye motere kwa tiyo ya chini. Gari ikitembea kwa mwendo mzuri, upepo wa barabara unatosha. Ikisimama au ikienda pole pole, vantilatere ndiyo inayovuta upepo huo.

Kwa hiyo gari inachemka kwa sababu tano tu: maji hayatoshi, maji hayazunguki, radiatere haitoi joto, upepo haupiti, au motere inatengeneza joto kupita kiasi. Kila kipuri kinachotajwa hapa chini kinaingia katika moja ya sababu hizo tano.

Kwa nini milima yetu inazidisha shida

Beni iko kidogo zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Butembo iko zaidi ya mita 1,700. Mama yeyote anayepika maharagwe Butembo anajua yanachelewa kuiva, na sababu ni hii: kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito na maji yanachemka mapema. Pwani maji yanachemka kwa digrii 100. Beni yanachemka kwa digrii karibu 96, na Butembo kwa digrii karibu 94.

Motere nyingi zinafanya kazi kati ya digrii 85 na 95. Maana yake, kwa maji matupu yasiyo na shinikizo, gari ya Butembo iko kwenye mpaka wa kuchemka kila siku, hata ikiwa nzima. Kinachoiokoa ni kifuniko cha radiatere. Kifuniko kina raba na springi. Kinafunga mvuke ndani mpaka shinikizo lipande, na kwa shinikizo hilo maji yanaweza kupita digrii 110 bila kuchemka. Kifuniko kikiwa kimechoka, ulinzi huo wote unapotea. Ndiyo sababu gari iliyokuwa inatembea vizuri Kasindi, chini kwenye bonde la Semuliki, inaweza kuanza kuchemka ikifika kwenye milima ya Butembo na Lubero.

Tena kuna mambo ya barabara. Hewa nyepesi ya juu inapoza kidogo kuliko hewa nzito ya chini. Mlima unadai nguvu nyingi wakati mwendo ni mdogo, hivyo joto linaongezeka saa ileile upepo unapungua. Matope na vumbi jekundu vinaziba radiatere. Mwezi wa 6 mwaka 2021, serikali za Congo na Uganda zilizindua mradi wa kutengeneza barabara ya Kasindi kwenda Beni, kilometa 80, na ile ya Beni kwenda Butembo. Barabara nzuri inasaidia motere, lakini mlima unabaki pale pale.

Gari ikichemka njiani

Jambo la kwanza ni kutazama mshale kabla ya kuona mvuke. Mshale ukianza kupanda, shofere azime klimatizere kama iko, apunguze mwendo, na afungue shofaji mpaka mwisho. Ndani kutakuwa na joto la kuchosha, lakini shofaji ni radiatere ndogo ya pili na inaondoa joto kwenye motere. Mara nyingi hiyo inatosha kufika kwenye kijiji kinachofuata.

Hapa kwetu swali la mahali pa kusimama si dogo. Katika njia zenye hatari ya mashambulizi, kama Beni kwenda Kasindi au Beni kwenda Komanda, hakuna anayependa kubaki peke yake porini na kapo wazi. Kwa sababu hiyohiyo, shofere anayeona mshale umeanza kupanda akiwa bado karibu na watu, anafaa kusimama pale pale au kurudi, asijaribu bahati. Wasafiri nao wasimsukume. Anayemwambia shofere “tuendelee tu, tutafika” hatakuwepo siku ya kulipa fundi, na pengine ndiye atakayelala njiani.

Mvuke ukitoka, gari isimame na motere izimwe. Kapo ifunguliwe kwa uangalifu. Kifuniko cha radiatere kisiguswe. Maji yaliyo chini ya shinikizo yana joto kupita digrii 100. Kifuniko kikifunguliwa yanalipuka usoni na kuchubua ngozi. Watoto na wapita njia wanaokuja kutazama wawekwe mbali. Ngojea angalau nusu saa, mpaka tiyo ya juu iweze kushikwa kwa mkono na kufinywa bila kuwa ngumu. Halafu kitambaa kinene kiwekwe juu ya kifuniko, kizungushwe kidogo hadi alama ya kwanza, hewa itoke, ndipo kifunguliwe kabisa.

Maji baridi yasimwagwe ndani ya motere iliyo moto. Kulasi ya magari mengi ni ya aluminiamu. Ikipoa ghafla inapinda au inapasuka. Kama safari haina budi kuendelea, motere ikiwa imepoa iwashwe na maji yaongezwe kidogo kidogo ikiwa kwenye ralanti.

Swali la kwanza: inachemka wakati gani?

Kabla ya kufungua kitu, fundi mzuri anauliza maswali. Jibu la shofere linapunguza kazi kwa nusu.

Kama gari inachemka ikiwa imesimama, sokoni au kwenye foleni, halafu inapoa ikianza kwenda, shida iko kwa vantilatere. Wakati wa mwendo upepo wa barabara unafanya kazi yake, kwa hiyo kosa halionekani.

Kama inachemka ikipanda mlima au ikikimbia, lakini mjini haina neno, tazama radiatere iliyoziba, mkanda unaoteleza, pompi iliyochoka au termostati inayofunguka nusu. Maji yanapita, ila hayatoshi kwa kazi kubwa.

Kama inapanda joto haraka, dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, basi ama maji ni kidogo sana, ama termostati imekwama ikiwa imefungwa, ama joanti ya kulasi imeungua na moshi wa silinda unaingia kwenye maji.

Kama maji yanapungua kila siku na chini ya gari hakuna tone, maji yanakwenda ndani. Watu wanasema motere “inakunywa maji”. Hilo ni neno la kuogopa.

Na kama mshale uko juu lakini motere haina harufu, haina mvuke, na tiyo ziko na joto la kawaida, huenda kipimo chenyewe ndicho kinachodanganya. Kinyume chake pia kinatokea na ni hatari zaidi: maji yakiisha kabisa, kipimo kinabaki kwenye hewa, na mshale unaweza kuonyesha baridi wakati motere inaungua. Mshale ukishuka ghafla baada ya kupanda sana, si habari njema. Simama.

Kupima kwa mpango, kuanzia vitu rahisi

Kwanza, maji. Asubuhi, motere ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha radiatere chenyewe. Usitazame tu kibidoni cha akiba cha pembeni, kwani kinaweza kuwa kimejaa wakati radiatere ni tupu. Maji yanapaswa kufika shingoni. Yakiwa ya rangi ya kutu, kama chai, ndani kuna uchafu. Yakiwa na mafuta juu yake, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya joanti ya kulasi.

Pili, mivujo. Weka karatoni safi chini ya motere usiku, uisome asubuhi. Tone lililo mbele kabisa ni la radiatere. Lililo upande wa mikanda mara nyingi ni la pompi, kwa sababu pompi ina kitundu kidogo chini yake kinachotoa maji raba yake ya ndani ikichoka. Finya kila tiyo kwa vidole: iliyopasuka, iliyovimba au iliyolegea kama kitambaa ibadilishwe. Alama nyeupe, za kijani au za kutu pale tiyo inapofungwa zinaonyesha maji yanatoka pale wakati wa joto, hata kama asubuhi pamekauka. Ndani ya gari, tapi yenye unyevu miguuni na harufu tamu ni dalili kwamba radiatere ya shofaji inavuja.

Tatu, kifuniko. Raba yake iwe laini na isiyo na mikwaruzo, springi iwe na nguvu. Juu yake kumeandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1, kifuniko kipya kiwe na namba ileile. Kama tiyo ya juu inajikunja na kubana baada ya motere kupoa, vali ndogo ya kifuniko haifunguki. Katika orodha yote, kifuniko ndicho kipuri cha bei ndogo kuliko vyote, na mara nyingi ndicho cha mwisho kufikiriwa.

Nne, mkanda. Motere ikiwa imezimwa, sukuma mkanda kwa kidole gumba kati ya puli mbili. Ukishuka zaidi ya sentimeta moja hivi, umelegea. Ukiwa na mipasuko au ukingʼaa kama kioo, unateleza na pompi haizunguki vya kutosha. Katika motere kadhaa pompi inazungushwa na mkanda wa ndani wa distribisio. Hapo mkanda na pompi ni vizuri kubadilishwa pamoja, kwani kazi ya kufungua ni moja.

Tano, vantilatere. Ile ya umeme ipimwe kwa kuacha gari kwenye ralanti mpaka ifikie joto lake. Inapaswa kuanza yenyewe kabla mshale haujapita mahali pa kawaida. Isipoanza, tazama fyuzi, halafu badilishana rele yake na nyingine inayofanana nayo, kama ya honi. Bado kimya? Iunganishe moja kwa moja na batri. Ikizunguka, mota yake ni nzima na kosa liko kwa kipimo cha joto au kwa waya. Isipozunguka, mota imekufa. Mikono na nguo viwe mbali, kwa sababu vantilatere ya umeme inaweza kuanza ghafla hata funguo ikiwa imetolewa.

Pickup na jeep nyingi za zamani zina vantilatere inayoshikwa na motere yenyewe kwa kifundo chenye mafuta mazito ndani. Motere ikiwa moto na imezimwa, zungusha vantilatere kwa mkono: inapaswa kuwa nzito na kusimama upesi. Ikizunguka bure kama gurudumu la baiskeli, mafuta ya kifundo yameisha. Tazama pia kama lile bati au plastiki linaloizunguka vantilatere bado lipo. Magari mengi ya okazio yameshalipoteza baada ya kugongwa, na bila hilo upepo unazunguka pembeni badala ya kupita kwenye radiatere. Mwisho, weka karatasi mbele ya radiatere: ivutwe kuelekea kwenye motere. Ikisukumwa mbele, aliyebadilisha mota amegeuza waya, na vantilatere inapigana na upepo wa barabara.

Sita, radiatere. Tazama kwa tochi katikati yake na pia kati yake na radiatere ya klimatizere, pale matope, majani na wadudu wanapojificha. Oshea kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa motere kwenda nje; mashine ya kuoshea yenye nguvu nyingi inalaza vibati na kuziba kila kitu. Kwa ndani, subiri motere iwe moto, izime, halafu pitisha mkono pole pole karibu na uso wa radiatere. Joto linapaswa kushuka taratibu kutoka maji yanapoingia hadi yanapotoka. Kukiwa na eneo lililo baridi katikati ya moto, mirija ya pale imeziba. Mafundi wa radiatere wanaweza kuifungua na kuisafisha ile ya shaba. Ile ya aluminiamu yenye vichwa vya plastiki kwa kawaida inabadilishwa.

Saba, termostati. Washa motere baridi na ushike tiyo ya juu. Kwa dakika za kwanza ibaki baridi, halafu ipate joto ghafla. Kama mshale umepanda sana na tiyo bado baridi, termostati haifunguki. Itoe na uipike: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni na utazame. Inapaswa kuanza kufunguka kabla maji hayajachemka. Kwa wakaaji wa Butembo kuna jambo la kukumbuka: maji yenu yanachemka kwa digrii 94. Termostati iliyoandikwa 82 itafunguka sawasawa kwenye sufuria. Iliyoandikwa 92 itaanza tu kufunguka, na hiyo haimaanishi ni mbovu.

Nane, pompi. Shika puli yake na uitikise. Ikicheza au ikitoa sauti ya kusaga, imekwisha. Motere ikiwa moto, termostati imefunguka na radiatere haijafungwa, maji yanapaswa kuonekana yakitembea shingoni. Kuna pompi ambazo nje ni nzima lakini mapanga yake ya ndani yameliwa na kutu kwa sababu ya miaka mingi ya maji ya mto.

Joanti ya kulasi: dalili na udanganyifu

Vipimo vyote vikipita na gari bado inachemka, au kama imewahi kuchemka vibaya, swali linakuja kwa joanti ya kulasi. Inakaa kati ya blok na kulasi, ikitenganisha moto, mafuta na maji. Ikiungua, vitu hivyo vinachanganyika.

Kipimo rahisi hakihitaji mashine. Asubuhi, motere baridi, jaza radiatere mpaka shingoni na uache kifuniko wazi. Washa motere. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyobaki. Lakini yakiendelea kutoka bila kusimama, na yakiongezeka mtu anapokanyaga petroli, ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Dalili nyingine ni tiyo ya juu kuwa ngumu kama jiwe dakika moja baada ya kuwasha, wakati maji bado baridi.

Fungua pia mfuniko wa mafuta ya motere. Povu jeupe la kahawa na maziwa linaonyesha maji katika mafuta. Hata hivyo, gari inayofanya safari fupi fupi wakati wa mvua inaweza kuwa na povu kidogo chini ya mfuniko tu kwa sababu ya unyevu. Tazama kijiti cha kupimia mafuta. Kikiwa safi, usihukumu haraka. Moshi mweupe mwingi wenye harufu tamu unaotoka hata motere ikiwa moto ni dalili nzito. Toa mabuji: moja ikiwa safi sana kuliko nyingine, silinda yake inaoshwa na maji.

Kama ni joanti kweli, kazi isifanywe nusu. Kulasi iliyochemka mara nyingi imepinda, hata kama jicho halioni. Ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na vipimo vyembamba vya fundi, kisha isawazishwe kwenye mashine ikihitajika. Joanti mpya juu ya kulasi iliyopinda inarudi garaji baada ya muda mfupi. Boloni zifungwe kwa mpango na kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Na kile kilichofanya motere ichemke mara ya kwanza kitengenezwe pia, kwani joanti huwa haiungui bila sababu.

Makosa yanayorudiwa

La kwanza ni kutupa termostati. Shofere anaambiwa kwamba nchi yetu ina joto na haina haja nayo. Motere isiyo na termostati inachelewa kupata joto, inakula petroli nyingi na inazeeka upesi. Tena katika motere kadhaa termostati ndiyo inayofunga njia fupi ya maji. Ikitolewa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya motere bila kupita kwenye radiatere, na kwenye mlima gari inachemka zaidi kuliko zamani.

La pili ni kutia yai, pilipili, sabuni au unga ndani ya radiatere ili kuziba tundu. Vinaziba tundu kwa siku moja, na mirija myembamba ya radiatere na shofaji kwa maisha yote.

La tatu ni maji yenyewe. Maji ya mto yana udongo na chumvi zinazoganda kwenye chuma. Njiani, ukikosa mengine, yatie ufike. Lakini nyumbani yatolewe. Mvua inayonyesha hapa kwetu ni zawadi: maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi, baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza, ni bora kuliko ya mto. Bora zaidi ni kuyachanganya na likidi ya kupoza motere. Wengine wanafikiri likidi hiyo ni ya nchi za theluji tu. Inazuia kutu, inalinda pompi, na inapandisha kiwango cha kuchemka, jambo ambalo kwa mji wa mita 1,700 lina maana. Isichanganywe ovyo na ya aina nyingine. Ni sumu yenye utamu, kwa hiyo isimwagwe mahali watoto, mbwa au mbuzi wanaweza kuionja, na isitiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa.

La nne ni kusahau kwamba joto linaweza kutoka kwingine. Mafuta ya motere yakipungua, chuma kinasuguana. Freni inayoshika bila kuachia inafanya gari ivute mlima hata mahali tambarare. Alimaji iliyopangwa vibaya inaongeza joto. Petroli iliyochanganywa na petroli ya taa, inayouzwa wakati mwingine kando ya barabara, inafanya motere igonge na kupata joto. Na mizigo: gari iliyotengenezwa kwa watu watano ikibeba kumi na magunia juu, hakuna radiatere itakayoiombea msamaha.

Dakika kumi kabla ya kuondoka

Shofere anayejua njia ya milima anafanya kazi hii asubuhi, motere ikiwa baridi, kabla wasafiri hawajapanda. Anatazama maji kwenye radiatere na kwenye kibidoni. Anavuta kijiti cha mafuta. Anasukuma mkanda kwa kidole. Anapitisha mkono kwenye tiyo mbili, juu na chini. Anainama kutazama kama kuna tone chini. Baada ya kuwasha, anangoja asikie vantilatere ya umeme ikianza, kama gari yake ni ya aina hiyo.

Kisha anaweka ndani ya gari bidoni ya lita kumi ya maji safi, kitambaa kinene, mkanda wa akiba, fyuzi, kipande cha tiyo na vifungio vyake. Anaandika kwenye daftari siku aliyoongeza maji na kiasi alichoongeza. Nusu lita kwa mwezi ni jambo la kufuatilia. Nusu lita kwa kila safari ya Beni inamaanisha kwamba gari inakwenda kwa fundi wiki hii, ikiwa bado inaweza kwenda yenyewe.